Wanawake katika riwaya za fantasia: maswali ninayoulizwa kila mara

Ukurasa huu nimeuandika kwa uvivu. Kila nikisema mahali kwamba nasoma riwaya za majoka na mapanga, nakutana na maswali yaleyale, na nimechoka kuyajibu moja moja kwenye simu usiku. Majibu ni yangu. Ukiona nimempendelea mwandishi fulani, hujakosea.

Unaposema "fantasia" una maana gani?

Hadithi ambamo yasiyowezekana yanawezekana: joka linaruka, maiti anaongea, mtu anauita upepo kwa jina lake nao unakuja. Wataalamu wana fasili ndefu kuliko hiyo. Kwa fasili yangu, bibi yako aliyesema "Paukwa!" nawe ukaitika "Pakawa!" alikuwa mtunzi wa fantasia asiye na karatasi. Ila hapa nitazungumzia zaidi riwaya za Kiingereza za kuanzia miaka ya 1930, kwa kuwa ndizo zilizozaa filamu na michezo ya kompyuta wanayokesha nayo watoto wetu, na karibu maswali yenu yote yanazihusu.

Ni kweli zamani wanawake hawakuwamo kabisa?

Karibu na kweli. Fungua The Hobbit ya J.R.R. Tolkien, ya mwaka 1937. Kuna mbilikimo 13, kuna joka, kuna vita vya majeshi matano, na mwanamke anayetajwa kwa jina ni mmoja: Belladonna Took, mama yake Bilbo, shujaa wa kitabu, na huyo mama hata hatumwoni.

Katika The Lord of the Rings, iliyotoka 1954 na 1955, wanaongezeka kidogo, na mmoja wao, Éowyn, ndiye anayenifanya nirudie kitabu kile. Amefunzwa farasi na upanga, lakini kazi aliyopewa ni kumwuguza mjomba wake mfalme na kungoja wanaume warudi. Anapoulizwa anaogopa nini, hajibu kifo. Anajibu tundu: kufungiwa mpaka uzee umzoeshe fito. Basi anajivika nguo za askari, anakwenda vitani kwa jina la kiume, na anakutana na bwana wa mizuka ambaye hujigamba kwamba hakuna "man" awezaye kumzuia. Éowyn, kofia ya chuma imemwanguka na nywele ziko mabegani, anamwambia yeye si "man".

Hapo jaribu kutafsiri, uone kazi. Kwa Kiingereza cha zamani neno hilo moja ni mtu na ni mwanamume, na tukio zima limening'inia kwenye neno hilo. Kiswahili kimeyatenga. Ukiandika "hakuna mtu awezaye kunizuia", Éowyn akijibu "mimi si mtu" amejitukana mwenyewe. Ukiandika "hakuna mwanamume", yule adui amekuwa mpumbavu anayetangaza siri ya kifo chake. Nimelilalia fumbo hilo miaka, sina jibu ninaloliridhia. (Na tafadhali tusimnyime Merry, mwenzake vitani, haki yake: kisu chake nyuma ya goti ndicho kilichofungua njia.)

Baadaye Éowyn anapona, anampenda Faramir, anasema sasa atakuwa mponyaji. Wapo wanaoona hapo amerudishwa jikoni. Mimi sioni hivyo, kwa sababu katika kitabu kilekile mfalme wa kweli hutambuliwa kwa mikono inayoponya. Linaloniudhi ni jingine: Éowyn yuko peke yake. Mwanamume mmoja akiweka upanga chini, ni uamuzi wake. Mwanamke akiwa mmoja tu katika jeshi zima, kila afanyalo linaandikwa kwenye hesabu ya wanawake wote.

Kwa nini hupendi neno "mchawi" katika tafsiri?

Kwa sababu linabeba mzigo tofauti na ule wa Kiingereza. Wenzetu wana maneno mawili, "wizard" na "witch". Mmoja ni mzee wa ndevu na fimbo, msomi, na huyo kwa kawaida ni mwanamume. Mwingine ana chungu cha dawa na paka, na huyo ni mwanamke. Ursula K. Le Guin aliuchukua mgawanyo huo mzimamzima mwaka 1968 alipoandika A Wizard of Earthsea: chuo cha kisiwa cha Roke kinapokea wavulana tu, na watu wa visiwani wana misemo miwili, kwamba kitu ni dhaifu kama uganga wa wanawake, au ni kiovu kama uganga wa wanawake.

Kitabu kilichofuata, The Tombs of Atuan cha 1971, alimpa msichana, Tenar, anayelelewa kuwa kuhani wa makaburi yenye giza. Cha tatu, cha 1972, kikarudi kwa wanaume. Kisha kimya cha miaka 18. Mwaka 1990 akatoa Tehanu, na wasomaji wengi wa zamani walikasirika: Tenar sasa ni mjane wa makamo, ana shamba, amezaa na kulea, na anamtunza mtoto wa kike aliyebakwa na kutupwa motoni na watu wake mwenyewe. Ged, shujaa wa kitabu cha kwanza aliyekuwa mganga mkuu, anarudi nyumbani hana nguvu tena, na kinachofuata ni mbuzi, vyombo vya kuoshwa, na hofu ya mwanamke kusikia hatua za wanaume nje ya mlango usiku. Le Guin alikuwa anakirudia kisiwa chake mwenyewe na kuuliza ni nani aliyekuwa akipika wakati mashujaa wanasafiri. Kwangu hicho ndicho kitabu chenye ujasiri kuliko vyote katika fani hii, na nakubali kwamba kurasa zake za katikati zinakwenda polepole.

Sasa, Kiswahili. "Mchawi" kwetu hana jinsia, lakini daima ni mwovu. Tena si neno la hadithini tu. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa kuni na samadi jikoni. Mtu anayejua hayo hawezi kumwita Tenar mchawi na kusonga mbele kama hajasema kitu. Mimi huandika "mganga", au "mjuzi" nikibanwa.

Kiswahili hakina "he" na "she". Si afadhali kwetu?

Mara nyingine ni afadhali sana. Le Guin huyohuyo mwaka 1969 aliandika kuhusu sayari ambayo watu wake hawana jinsia ila siku chache za mwezi, katika The Left Hand of Darkness. (Hiyo ni ya sayansi, haina majoka, nisameheni.) Kwa kuwa Kiingereza kilimlazimisha kuchagua, aliwaita wote "he", na wasomaji wakawaona wote wanaume. Alijitetea kwa muda, baadaye akakiri hadharani kwamba wakosoaji wake walikuwa na haki. Kwa Kiswahili shida hiyo isingezaliwa: alikuja, alisema, akaondoka.

Lakini mwaka 2013 Ann Leckie alifanya kinyume katika Ancillary Justice, akawaita watu wote "she", na raha yote ya kitabu ni jinsi msomaji anavyoyumba. Itie kwenye Kiswahili, raha imeyeyuka kama barafu ya koni kwenye jua la saa saba.

Na tusijisifu mno. Nikiandika "Nahodha aliingia, akavua kilemba, akaagiza kahawa", lugha haijasema ni mwanamume. Wewe ndiye umesema.

Kwa hiyo mwanamke imara ni yule anayeshika upanga?

Hapana. Upanga ni chuma tu. Kwa miaka mingi waandishi walidhani wamemaliza kazi wakimpa msichana upanga, ulimi mkali na chuki ya kushona. Kushona kumefanya nini? Mara nyingi msichana huyo anapigana vizuri kuliko wote sura tatu za mwanzo, halafu anatekwa ili shujaa awe na safari.

Swali langu ni moja: anataka nini? Katikati ya kitabu, weka kidole. Je, kuna jambo analolitaka ambalo halihusiani na unabii, na kisasi, wala na mwanamume? Anataka kujifunza kusoma ramani, anamwonea wivu dada yake, anatamani samaki wa kupaka. Akiwa na tamaa yake mwenyewe, hata akiwa hajawahi kugusa kisu, ni mtu. Akiwa hana, hata akiua majoka saba, ni samani iliyochongwa vizuri.

Na ule mtihani wa Bechdel?

Ulitoka kwenye katuni ya Alison Bechdel ya 1985, na yeye humtaja rafiki yake Liz Wallace kuwa mwenye wazo: je, kuna wanawake wawili, wanaozungumza wao kwa wao, juu ya jambo lisilo mwanamume? Ni kipimajoto. Kinakuambia kuna homa, hakikuambii ni malaria au ni uchovu. The Hobbit inaanguka kabla ya kufika mlangoni. Lakini vipo vitabu vinavyofaulu mtihani huo na bado ni takataka.

Mbona nguo zao za vita ni chache hivyo?

Kwa sababu jalada lilichorwa ili liuze, na mchoraji mara nyingi hakusoma kitabu. Mfano wa kale ni Red Sonja wa katuni, aliyezaliwa 1973 akiwa amevaa vazi la minyororo lenye mikono, kisha muda mfupi baadaye akavuliwa akaachwa na vipande vya chuma visivyotosha kufunikia sahani. Mwaka 2012 mwandishi Jim C. Hines, mwanamume mwenye tumbo na miwani, alijipiga picha akiiga mikao ya wanawake wa kwenye majalada: kifua mbele, makalio nyuma, shingo imegeuka. Mgongo ulimuuma. Sina la kuongeza.

"Lakini zama za kati ndivyo zilivyokuwa, wanawake walibakwa." Unajibuje?

Hili huja kila wiki, na huja kwa sababu ya Game of Thrones. Vitabu vya George R.R. Martin vilianza 1996, tamthilia ikaonyeshwa 2011 hadi 2019. Kwanza nimpe Martin haki yake: hoja yake ni kwamba kuandika vita na mamlaka ukaacha ubakaji nje ni kusema uongo. Nakubali. Anayejua yaliyotokea Kivu hawezi kubisha.

Ila hoja hiyo haitoshi. Dunia yenye majoka na majira ya baridi ya miaka kadhaa imebuniwa na mtu, na kila kilichomo kimechaguliwa. Kama farasi anaweza kusafiri bila kuchoka na mashujaa wana meno meupe, usiniambie ubakaji ndio pekee ulioingia kwa amri ya historia.

Swali ni kamera iko wapi. Mwaka 2015 tamthilia ilimpa Sansa Stark usiku wa harusi wa kutisha, jambo ambalo vitabuni linampata msichana mwingine kabisa. Na kitendo kilipoanza, kamera ikageukia uso wa Theon, mwanamume aliyelazimishwa kutazama. Maumivu ni ya msichana, machozi tunayoonyeshwa ni ya mwanamume. Watu waliudhika kiasi kwamba hata seneta mmoja wa Marekani, Claire McCaskill, alitangaza kwamba hatazami tena.

Linganisha na Who Fears Death ya Nnedi Okorafor, ya 2010, iliyoshinda tuzo ya World Fantasy mwaka uliofuata. Msichana Onyesonwu amezaliwa kwa ubakaji wa vita, katika Sudan ya miaka mingi ijayo, na chanzo cha kitabu ni habari ya gazetini kuhusu Darfur. Ni kitabu kigumu kumeza. Kuna sura ya ukeketaji ambayo niliisoma kwa mafungu. Lakini mama aliyebakwa ana jina, ana sauti, anatembea jangwani na mtoto wake miaka, na ukatili ule hauishi na sura ile. Unamfuata binti mpaka mwisho na kumfanya aulize maswali. Hakuna anayeutumia kupamba safari ya mwanamume.

Na kuhusu historia: mwishoni mwa karne ya 17, Wareno walipozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kuanzia 1696, Malkia Fatuma wa Unguja alikuwa akiwapelekea chakula kwa bahari, na uamuzi huo ulimgharimu. Malkia, majahazi, ngome iliyozingirwa, usaliti au uaminifu kutegemea umekaa upande gani. Haya hayajabuniwa na mtu. Mwenye kudai kwamba zamani wanawake walilia tu, amesoma nusu ya kitabu cha historia.

Una maoni gani kuhusu mwisho wa Daenerys, malkia wa majoka wa Game of Thrones?

Kwamba malkia anaweza kuharibika, sina tatizo. Wafalme wangapi wameharibika. Tatizo ni haraka. Misimu saba alipewa kujenga, vipindi vichache akapewa kuwa mwendawazimu, na fantasia ina desturi mbaya ya kale: mwanamke akipata nguvu nyingi lazima akili imtoke, ndipo mwanamume anayempenda amuue kwa huzuni. Halafu kumbuka kwamba katika vipindi 73, mwongozaji mwanamke alikuwa mmoja tu, Michelle MacLaren, na aliongoza vinne.

Mama zao wako wapi?

Makaburini. Mama wa shujaa hufa ukurasa wa kwanza au kabla yake, na mwanamke akifika miaka 35 anabaki na kazi mbili: malkia mwovu au bibi wa dawa. Hapa ndipo mambo yamebadilika kweli, tena kwa kasi.

N.K. Jemisin alifungua The Fifth Season, 2015, na Essun, mwanamke wa zaidi ya miaka 40, amekaa na maiti ya mwanawe mdogo. Aliyemuua ni baba yake mtoto, kwa sababu mtoto alirithi uwezo wa mama: kuitikisa ardhi. Nje dunia inakwisha. Ndani, Essun amemfunika mtoto blanketi, ila uso ameuacha wazi, kwa kuwa mtoto huogopa giza. Huyo si mama wa shujaa, ndiye shujaa, tena si mpole, si mvumilivu, na amewahi kufanya jambo ambalo mama hasamehewi. Vitabu vyote vitatu vya mfululizo huo vilishinda tuzo ya Hugo, 2016, 2017 na 2018. Hakuna aliyewahi kushinda ya riwaya miaka mitatu mfululizo kabla yake.

Na ukitaka kucheka: The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, 2023. Bahari ya Hindi, karne ya 12, Aden na Socotra. Amina ni nahodha wa maharamia aliyestaafu, ana binti, ana mama mwenye maneno, waume wa zamani kadhaa, na goti linalomuuma. Anasali na anajua madhambi yake. Nilivyosoma kuhusu lile goti nilicheka peke yangu kwenye daladala, watu wakajisogeza mbali nami.

Ni kweli waandishi wanawake walificha majina?

Wengine. Alice Mary Norton alibadili jina kisheria kuwa Andre mwaka 1934. J.K. Rowling aliombwa na wachapishaji atumie herufi, wakihofia wavulana hawatanunua. Lakini usikimbilie kila herufi. C.L. Moore, aliyemwumba Jirel wa Joiry mwaka huohuo wa 1934, mwanamke wa kwanza maarufu wa upanga katika magazeti ya hadithi za kutisha, alikuwa akiilinda ajira yake ya benki.

Hizi za mapenzi na majoka zinazouzwa siku hizi?

Sarah J. Maas, Rebecca Yarros na wenzao. Wanaume wengi huzidharau bila kuzisoma, jambo ambalo hawalifanyi kwa vitabu vibovu vya vita. Kuna zilizoandikwa ovyo na kuna nilizokesha nazo. Fourth Wing ya 2023 ina msichana mwenye viungo vinavyoteguka kila mara, na bado anapanda joka, hilo sikulitegemea. Ninachochoka nacho ni mpenzi wa miaka mia tano mwenye tabia za kijana wa bweni.

Na kwetu?

Tulianza zamani. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, 1952, mwenye nguvu kuliko wote ni wa kike: Huria, anayemwokoa Adili na kuwageuza ndugu zake kuwa manyani. Ila ni jini. Binadamu wa kike hakupewa nguvu hizo. Ukirudi nyuma zaidi kuna utendi wa Liyongo, na wa kwangu humo ni kijakazi Saada. Askari wa gereza wanakula chakula kizuri anachokileta kila siku, basi mama yake Liyongo anaoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani, na Saada anaubeba. Askari wanauona mkate wa makapi, wanamwachia mfungwa. Hakuna uchawi hapo. Kuna mwanamke anayejua wanaume wenye njaa wanadharau nini.

Kisha mwaka 2021 Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa akatoa The House of Rust. Aisha, msichana mwenye asili ya Hadhramaut, baba yake mvuvi amepotea baharini; anamfuata kwa chombo cha mifupa, pamoja na paka anayeongea. Kisa kizima kingeweza kuishia hapo, baba amerudi, sote tumefurahi. Haishii. Aisha anarudi nyumbani, nyumba inazungumzia ndoa, na yeye bahari imeshamwingia. Nusu ya pili ya kitabu ni hamu hiyo tu, na kunguru, na mitaa unayoijua. Kilishinda tuzo ya Ursula K. Le Guin mwaka 2022, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na huo ni wivu wangu usioisha.

Binti yangu ana miaka 12. Nimpe kipi?

Usimpe The Poppy War, hata kama inaanza shuleni. Inageuka vita vitakavyokufanya hata wewe ufunge kitabu. Mpe kile cha Tenar, cha 1971, kama anapenda giza na ukimya. Kama ni mtundu, mpe The Wee Free Men ya Terry Pratchett, 2003: Tiffany ana miaka 9, anaona jitu la kutisha mtoni, anakwenda nyumbani kutafuta kitabuni ukubwa wa macho yake, anarudi na kikaango, anamtumia mdogo wake wa kiume kama chambo. Kimeandikwa na mwanamume, kwa wale mnaoniuliza kama wanaume wanaweza.

Akimaliza, mpe kaka yake. Akikataa kwa kuwa shujaa ni msichana, mwambie tu kwamba kuna kikaango.